Nani Alikuwa na Haraka Katika Kinjeketile?

Jamani, hili jibu limenichosha. Muulize kijana yeyote aliyepita sekondari mchezo wa Kinjeketile wa Ebrahim Hussein unahusu nini. Atakwambia bila kupepesa: watu walikuwa na haraka, hawakumngoja kiongozi wao, wakafyekwa. Anabandika na methali ya haraka haraka, anapata alama zake, kwisha. Madesa ndivyo yasemavyo.

Mimi nabisha. Naandikia Shishiyu, Simiyu, kwenye pamba, na nikiusoma mchezo huu uliotoka mwaka 1969 naona watu ninaowajua. Wanalimishwa pamba ya Bwana Kinoo kwa kiboko huku mashamba yao yamelala. Kitunda ananyang'anywa binti yake, Chausiku, asiwe na la kufanya. Usiku wananong'ona, asubuhi wanarudi shambani. Hiyo ndiyo haraka?

Haraka imo, sikatai, na ndiyo iliyoua. Ila mtafuteni mwenyewe. Kinjeketile anatoka mtoni na maji ya Hongo, na papo hapo anatangaza mbele ya umati: dawa ya risasi ndiyo hii, Mjerumani ataondoka, nasi tutakuwa wana wa Seyyid Said. Baadaye ndipo anaanza kuyapima aliyoyasema. Seyyid Said? Si kumtoa bwana mmoja na kumwingiza mwingine! Mashaka yanamkuta neno limeshasambaa. Sasa anataka wangoje. Wangoje nini? Umempa mtu dawa ya risasi, mgongoni ana makovu ya kiboko, halafu unamwambia akae kitako!

Hussein mwenyewe alionya kwamba Kinjeketile wake si yule wa historia. Sawa. Lakini historia nayo inatisha. Mwishoni mwa Julai 1905, huko Nandete, Umatumbini, watu waling'oa miche ya pamba, na vita vikaanza. (Kwetu kung'oa maotea baada ya mavuno ni agizo la mabwana shamba, kule kung'oa kulikuwa kutangaza vita.) Tarehe 4 Agosti Kinjikitile Ngwale akanyongwa Mohoro. Tarehe 30 wapiganaji wakaikabili boma ya Mahenge, wakakutana na bombomu. Vita vikaendelea hadi 1907, njaa ikamalizia. Wapo wanahistoria wanaokadiria waliokufa kufikia 300,000.

Kwa nini nang'ang'ania? Kwa sababu sisi vijana tunaoandika tunairudia hadithi ile ile. Mkulima anaingia jukwaani mbio, hasikii, msomi anamwonya, anaharibu. Huyo mkulima mmemtoa wapi? Ninaowaona mimi wanangoja mvua, wanangoja dawa ya wadudu, wanangoja mizani ifunguliwe, halafu wanangoja hela. Mkitaka mtu wa pupa, mwandikeni yule anayepanda jukwaani na ahadi ambayo hata yeye hajaielewa.

Someni tena mwisho wa mchezo. Kinjeketile amefungwa, anatakiwa aseme kwamba maji yalikuwa uongo, na Kitunda naye anamsihi. Anakataa. Anawafikiria watoto watakaozaliwa, watakavyolipokea neno lake. Wapo wanaouita huo ukaidi. Mimi naona ndiyo mara ya kwanza analipima neno kabla halijamtoka.