AFYA YA NYUMBANI: Unene Umefika Shambani

Mwalimu mmoja wa shule ya kijiji, msomaji wetu wa siku nyingi, ametuletea barua, nasi tumeona vema kuijibu hapa mbele ya wote, maana twajua kwamba neno lake si lake peke yake. Asema kwamba mama yake, aliye mjane wa miaka 58, amenenepa sana katika miaka sita hii, naye akipanda kilima cha kisimani hutweta na kuketi njiani. Majirani humsifu, husema, "Mama Mwalimu amenawiri, mwanawe anamtunza." Mwalimu auliza: Je, jambo hili ni la kufurahia au ni la kuogopa? Na kama ni la kuogopa, mtoto atamwambiaje mama yake?

Swali la pili ni gumu kuliko la kwanza. Basi na tuanze na lile jepesi.

Zamani watu walidhani kwamba unene ni jambo la mjini, la matajiri na makarani wakaao vitini mchana kutwa, wala hauwezi kumpata mkulima. Kwa miaka mingi neno hilo lilikuwa karibu na kweli. Mwaka 1929 daktari mmoja Mwingereza, jina lake Donnison, aliyefanya kazi katika hospitali ya Kisii, nchi ya Kenya, aliandika kwamba katika wagonjwa kama 1,800 waliolazwa hapo kwa muda wa miaka miwili hakuona hata mmoja mwenye shinikizo la damu lililopanda. Miaka sitini baadaye, yaani mwaka 1989, madaktari wa Dar es Salaam, akina McLarty na Swai na wenzao, walitoa habari za vijiji sita vya Kilimanjaro, Morogoro na Mara. Walikuwa wamewapima watu zaidi ya 6,000 wenye miaka 15 na kupita, nao wenye ugonjwa wa kisukari hawakufika hata mmoja katika kila mia.

Sasa tazameni. Mwaka 2012 Tanzania ilipopima watu wa miaka 25 mpaka 64, mjini na shamba pamoja, wenye kisukari walikuwa kama 9 katika kila mia, na wenye shinikizo la damu karibu mmoja katika kila wanne. Hesabu hizi mbili hazikupimwa kwa njia moja wala kwa watu wa umri mmoja, kwa hiyo si haki kuziweka sawasawa kama vibaba viwili vya mtama. Walakini hata tukipunguza hapa na pale, tofauti yabaki kubwa.

Kadhalika mwaka 2019 wataalamu wa nchi nyingi walikusanya vipimo vya watu wazima zaidi ya milioni 112, vilivyochukuliwa tangu mwaka 1985 mpaka 2017. Waliona kwamba zaidi ya nusu ya uzito ulioongezeka duniani katika miaka hiyo uliongezeka mashambani, wala si mijini. Wanawake wa Afrika kusini ya Sahara walikuwa mbali kidogo na kanuni hiyo, maana kwao mji bado ulitangulia. Lakini asijifariji mtu kwa neno hilo. Katika Tanzania, wanawake wa miaka 15 mpaka 49 waliopita uzito ufaao walikuwa 18 katika kila mia mwaka 2004, nao walikuwa 28 ilipofika mwaka 2015. Na mashambani peke yake walikuwa kama mmoja katika kila watano. Basi hakuna mwalimu wa kijiji asiyewajua watu hao kwa majina.

Je, mtu atajuaje kwamba amepita kiasi? Macho hayatoshi, kwa kuwa macho yetu yamezoea. Madaktari huchukua uzito kwa kilo, wakaugawanya kwa urefu wa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Mwanamke mwenye urefu wa mita 1.60 akiwa na kilo 64 apata 25, nao ndio mpaka. Akifika kilo 77 apata 30, na hapo huitwa mnene kwa lugha ya daktari. Mwalimu yeyote wa hesabu aweza kuifanya hesabu hii ubaoni. Lakini kuna njia nyepesi kuliko hiyo, nayo ni utepe wa fundi cherehani. Uzungusheni kiunoni, juu ya kitovu kidogo, pasipo kuvuta tumbo ndani. Mwanamke akipita sentimita 80, na mwanamume akipita 94, yafaa aende zahanati akapimwe damu na shinikizo. Mafuta ya tumboni, yanayozunguka ini na matumbo, ndiyo mabaya kuliko ya nyonga na mapaja, maana huuzuia mwili usiitii insulini, ile dawa ambayo kongosho huitengeneza ili sukari iingie katika nyama za mwili. Sukari ikikosa pa kuingia hubaki katika damu, na polepole huharibu macho, figo, mishipa na nyayo za miguu. Shinikizo la damu nalo huleta kiharusi. Tena magoti huchakaa, na baadhi ya saratani, kama ile ya mji wa mimba, na ya matiti kwa mwanamke aliyekoma hedhi, huwapata wanene zaidi.

Basi, mambo haya yameingiaje shambani? Wengi hujibu upesi: ni pikipiki. Husema kwamba watu wamepanda bodaboda na miguu imesahau njia, tena mashine ya kusaga imeondoa mchi na kinu. Neno hili lina kweli ndani yake, lakini twaona limepewa mzigo mkubwa kuliko nguvu zake. Wahadzabe, wakaao karibu na ziwa Eyasi, huishi kwa kuwinda na kuchimba mizizi, nao hutembea mwendo mrefu kila siku. Mwaka 2012 wataalamu walitoa habari ya vipimo vyao, wakaonyesha kwamba nguvu ambazo miili yao hutumia kwa siku, ukihesabu ukubwa wa mwili wa kila mtu, zalingana na zile za watu wa Marekani na Ulaya wakaao vitini. Ni ajabu, lakini ndivyo. Mwili hujipimia matumizi yake. Kwa hiyo kutembea kwafaa sana kwa moyo, kwa sukari ya damu na kwa usingizi, na watu wazima wameshauriwa wapate dakika 150 za mwendo kwa juma. Lakini mtu asitumaini kwamba atapungua kwa miguu peke yake huku chungu kikibaki vile vile.

Chungu ndicho cha kutazamwa. Siku hizi duka la kijijini lina mafuta ya kupikia ya bei nafuu, tena huuzwa hata kwa vipimo vidogo. Kijiko kimoja kikubwa cha mafuta kina kalori kama 120, na mpishi wetu hakimwagi kimoja, humimina. Mahindi hukobolewa yakawa sembe nyeupe, na ganda na kiini huenda kwa kuku, nao kuku hunawiri kwa chakula tulichokitupa sisi. (Hatusemi kwamba dona haimnenepeshi mtu, akila sinia nzima atanenepa vile vile. Ila dona hushibisha mapema.) Kisha kuna soda, ambayo imekuwa heshima ya mgeni: chupa ya mililita 300 ina sukari kama gramu 30, yaani vijiko saba vya chai na kuzidi. Kuna pombe pia, nayo ina nguvu za kunenepesha ambazo wanywaji hawazihesabu.

Hapa twarudi kwa ndugu mwalimu, maana katika barua yake ameandika neno ambalo labda hakulitazama sana. Asema kwamba kila shule ikifungwa humpelekea mama yake kilo tano za sukari na lita tatu za mafuta, "ili asipungukiwe." Huo ni upendo, wala hatuukemei. Ndivyo wafanyavyo watoto wote wema wa nchi hii wanaposhuka katika basi. Lakini na tuhesabu pamoja naye. Mama hukaa na mjukuu mmoja. Kilo tano kwa watu wawili kwa siku 90 ni kama gramu 28 kwa kila mmoja kila siku, kabla ya kuhesabu chai ya jirani, soda ya harusi na mandazi ya asubuhi. Shirika la Afya Duniani lashauri kwamba yafaa sukari ya kuongezwa isipite gramu 25 hivi kwa siku. Basi zawadi peke yake imekwisha kupita kipimo.

Na abadili mfuko, asipunguze heshima. Alete maharage, choroko, dagaa, karanga ambazo hazikukaangwa, matunda yasiyopatikana kule, mbegu za mchicha na za figili, na viatu vizuri vya kutembelea. Sukari akitaka na ailete kilo moja. Majirani watasema, watuwie radhi. Baada ya safari mbili watazoea.

Yako mambo mengine ambayo mama hakuyachagua. Mwanamke huongezeka uzito kwa kila mimba, na aghalabu haurudi wote. Akikoma hedhi, mafuta huhamia tumboni. Tena mtu aliyepata njaa angali tumboni mwa mama yake aweza kuwa mwepesi wa kupata unene na kisukari ukubwani chakula kinapokuwa kingi. Jambo hili lilionekana wazi kwa wale waliochukuliwa mimba Uholanzi wakati wa njaa ya vita, mwaka 1944 na 1945. Wazee wetu wengi walizaliwa katika miaka ya uhaba. Ndiyo sababu twaweza kuona katika nyumba moja mtoto aliyedumaa na bibi aliyenenepa, nao wamekula chungu kimoja: tonge nyingi, mboga kidogo, nyama au maharage kidogo sana. Haifai mtu yeyote kuwacheka wanene wala kuwaita walafi. Aliye mwembamba mara nyingine ni mwembamba kwa bahati tu.

Sasa lile swali gumu. Mbona majirani humsifu mama? Kwa kuwa katika nchi yetu mwili mnene ulikuwa ushahidi kwamba mtu ana chakula, ana watoto wema, tena hana ugonjwa. Na tangu UKIMWI ulipokuja, miaka ya 1980, kukonda kumekuwa jambo la kutisha. Mtu akipungua kilo tano, watu hunong'ona. Mjane naye husemwa upesi kuliko wengine. Basi mwalimu akimwambia, "Mama, umenenepa mno, punguza," huenda mama akasikia, "Mama, umenichosha." Na asimwambie hivyo, hasa mbele ya mjukuu.

Twamshauri afanye hivi. Baada ya kumwamkia na kukaa naye siku moja au mbili, aanze na kile kilima cha kisimani: "Mama, naona pumzi yakusumbua, twende sote zahanati tukapimwe, mimi nawe." Naye apimwe kweli, kwa maana walimu hukaa sana. Mwuguzi akisema neno la shinikizo au la sukari, mama atalisikia pasipo aibu. Pengine shangazi wa mwalimu, au mwanamke mwenzake wa kikundi cha akina mama, aweza kusema yale ambayo mwana hawezi. Tena vikundi hivyo vyenyewe vyaweza kusaidia, maana chai ya mkutano huja na sukari imekwisha tiwa, na mandazi hayahesabiwi. Sukari na iwekwe pembeni, kila mtu ajitilie.

Nyumbani wasianze kwa kufunga wala kwa njaa. Sahani na igawiwe: nusu yake mboga za majani, robo ugali au ndizi au wali, robo maharage au samaki. Mafuta yapimwe kwa kijiko, yasimiminwe. Mama akipungua kilo nne au tano katika mwaka, si haba. Shinikizo na sukari huanza kushuka hata kwa upungufu huo mdogo.

Wako wauzao chai na vidonge vya kupunguza tumbo mnadani. Msivinunue; vingine ni dawa za kuharisha tu. Sindano mpya za kupunguza uzito zimo duniani, nazo zina nguvu kweli, lakini bei yake ni kubwa, na hutolewa na daktari mwenye kumfuata mgonjwa wake.

Neno moja la hadhari kwa wale ambao tayari wanatumia dawa za kisukari au sindano za insulini: msipunguze chakula ghafula pasipo kumwuliza daktari wenu, kwa sababu sukari yaweza kushuka chini mno, mtu akatetemeka, akatoka jasho, akazimia. Akianza kuona dalili hizo, na apewe maji ya sukari mara moja, kisha apelekwe zahanati.