Jirani huletwa na bahati, daraja tunajenga wenyewe

Shangazi yangu ana vyumba sita vya kupangisha Namatala, hapa Mbale. Vitano vina watu. Cha sita kina kufuli tangu mwezi uliopita, na si kwamba hakuna anayekitaka. Alikuja mama mmoja wa Karamoja na watoto wawili, akaambiwa chumba kimeshachukuliwa. Akaja kijana wa Busia anayeuza mitumba, akaambiwa arudi wiki ijayo. Aliporudi, akaambiwa tena wiki ijayo. Shangazi anamngoja mtu "wa kwetu".

Jumapili iliyopita nilikuwa nimeketi barazani kwake wakati wajukuu wake wawili walipoanza kugombania mchezo wa kompyuta. Mama yao anafanya kazi Dubai, na ndiye aliyewatumia mashine ndogo ya mkononi yenye mchezo uitwao Animal Crossing: New Horizons, ambao kampuni ya Nintendo ya Japani iliutoa Machi 2020. Mchezaji hupewa kisiwa kitupu akigeuze kijiji. Wanakijiji ni wanyama wanaoongea, na nyumba zao haziwezi kuzidi kumi. Ugomvi wa watoto ulikuwa huo: nafasi moja imebaki, apewe nani?

Kuna njia mbili. Ya kwanza ni bahati. Unakata tiketi, unaruka hadi kisiwa usichokijua, unamkuta mnyama mmoja huko, na ukitaka unamkaribisha kwako. Au unaacha kiwanja wazi, na siku moja unaamka unakuta mtu kahamia. Njia ya pili ni kuchagua. Unanunua kadi yenye picha ya mnyama unayemtaka, mashine inaisoma, na baada ya kukutembelea siku tatu anakubali kuhamia. Wengine hawakutaka hata kungoja kadi. Mwaka 2020 kulikuwa na paka mmoja ndani ya mchezo huo, jina lake Raymond, mwenye macho ya rangi mbili na kizibao. Alipendwa kiasi kwamba wachezaji walimuuza na kumnunua, wengine kwa pesa halisi.

Msichana alitaka kadi. Kaka yake alitaka bahati. Shangazi, aliyekuwa akichambua maharage, akatoa hukumu bila kuinua kichwa: "Msichana ana akili. Mwenye nyumba lazima achague."

Nilinyamaza, kwa sababu mkubwa hajibiwi mbele ya wajukuu wake. Lakini jibu nililolimeza ndilo ninaloliandika leo, kwa sababu naona halimhusu shangazi peke yake. Linatuhusu sote tunaovuka mpaka kwenda Malaba, Busia na Lwakhakha kutafuta riziki.

Nianze kwa kumpa haki yake. Kuogopa asiyemjua si ujinga. Kila mfanyabiashara anayesoma ukurasa huu ana hadithi ya mzigo uliopelekwa kwa mgeni na pesa zisirudi, au simu iliyozimwa siku ya malipo. Anayekuambia umwamini kila mtu hajawahi kupoteza gunia. Kwa hiyo swali si kama tuchague. Swali ni tunachagua kwa kipimo gani. Shangazi anapima kwa kabila na mahali mtu alikotoka. Kipimo hicho tumekijaribu katika eneo hili, kwa amri ya serikali, na tunajua kilitufikisha wapi.

Mwaka 1970 serikali ya Milton Obote iliwafukuza vibarua kutoka Kenya, ili kazi zibaki kwa "wa kwetu". Agosti 1972 Idi Amin akaenda mbali zaidi, akawapa Waasia siku 90 waondoke nchini. Jinja na Mbale ilikuwa miji ya maduka yao. Maduka hayo yaligawiwa wanajeshi na watu walio karibu na serikali. Hawakuja kwa bahati, walichaguliwa. Rafu zikabaki tupu. Sukari, chumvi na sabuni vikawa bidhaa za magendo. Bei ya kahawa duniani ilipopanda baada ya baridi kali kuharibu mashamba ya Brazil mwaka 1975, kahawa ya Uganda ilivushwa usiku hadi Chepkube, upande wa Kenya chini ya Mlima Elgon, kwa sababu hapakuwa na soko la kuaminika nyumbani. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kwanza ikavunjika. Ilipofika miaka ya 1980, kiwanda cha sukari cha Kakira, karibu na Jinja, kilifufuliwa na familia ileile ya Madhvani iliyokuwa imefukuzwa.

Sisemi kwamba kufukuzwa kwa majirani ndiko pekee kulikovunja Jumuiya. Ninasema kwamba ukichagua wanakijiji kwa kuangalia walikotoka, unaweza kupata kijiji kinachokupendeza machoni ambacho hakina chumvi.

Sasa tuirudie Namatala. Mtaa huu haukuundwa kwa kadi. Mgisu alishuka kutoka mlimani, Mteso akaja na mihogo, Mkaramoja akaja kutafuta kibarua, Mgwere na Mnyole wakaja kwa ajili ya mpunga unaolimwa bondeni. Kila mmoja aliletwa na shida yake, akapanga palipokuwa na nafasi. Ukisimama asubuhi njia panda, utasikia lugha tano kabla hujamaliza chai, na bei ikianza kujadiliwa wote wanahamia Kiswahili.

Usiku wa kuamkia Julai 31, 2022, mito ya Nabuyonga na Namatala ilifurika baada ya mvua kubwa kunyesha juu mlimani. Zaidi ya watu 20 walifariki Mbale na maeneo ya jirani. Maji yaliingia chumbani kwa shangazi akiwa amelala. Aliyevunja mlango na kumbeba mgongoni hadi mahali pa juu alikuwa kijana Mteso aliyepanga kwenye ua wa jirani, ambaye shangazi hakuwahi kumsalimu hata mara moja. Baadaye kijana huyo alirudi akaokoa magunia mawili ya maharage. Shangazi humsimulia kisa hiki kila mgeni anayefika kwake. Sijawahi kumsikia akikiunganisha na chumba cha sita.

Na kuna jambo lingine ambalo hulitaja kwa sauti ya chini. Mpangaji wa mwisho wa chumba hicho alikuwa wa kwetu kabisa, wa ukoo unaojulikana. Aliondoka usiku akiwa na deni la kodi ya miezi mitatu.

Kwa hiyo tuache kila kitu mikononi mwa bahati? Hapana. Hapa mchezo wa watoto una somo ambalo wao wenyewe hawakuligombania. Wachezaji waliochunguza programu ya mchezo huo wameeleza kwamba bahati yake ina utaratibu. Ukiruka kwenda kisiwa cha mbali, mashine huchagua kwanza aina ya mnyama, kisha mnyama mmoja ndani ya aina hiyo. Paka ni wengi na pweza ni wachache mno, lakini kila aina ina nafasi sawa ya kuitwa. Wachache hawamezwi na wengi. Bunge la Afrika Mashariki limejengwa kwa wazo linalofanana na hilo: kila nchi mwanachama huchagua wabunge tisa, iwe Burundi ndogo au Tanzania kubwa.

Tena, mchezaji anayekubali bahati hajafungwa mikono. Yeye ndiye anayeamua duka lijengwe wapi, njia ipite wapi, na daraja livuke mto mahali gani. Mgeni anaweza kupiga hema kwanza kwenye kambi, mkajuana, ndipo ukaamua kumpa kiwanja. Kwa maneno mengine, hachagui sura za majirani. Anachagua masharti ya kuishi pamoja.

Masharti hayo sisi tunayo, ila tunayatumia kidogo. Itifaki ya Soko la Pamoja ilianza kutumika Julai 2010. Tangu 2014 raia wa Uganda, Kenya na Rwanda wanaweza kuvuka kwa kitambulisho cha taifa. Kituo cha pamoja cha mpakani cha Busia kilizinduliwa Februari 2018 na Marais Museveni na Kenyatta. Na kwa mfanyabiashara mdogo kuna cheti rahisi cha uasili wa bidhaa: bidhaa zilizozalishwa ndani ya Jumuiya, zilizomo katika orodha iliyokubaliwa na zenye thamani isiyozidi dola 2,000, huvushwa bila ushuru wa forodha. Hayo ndiyo madaraja yetu. Bado nakutana na wenzetu wanaopita njia za panya na magunia mawili, kwa sababu mtu wa kwao aliwaambia pale mpakani hakuna atakayewasikiliza.

Katika kumpima mgeni pia tunayo kambi yetu. Mwambie akuletee barua ya mwenyekiti wa LC1 wa kule alikotoka. Mpe mzigo mdogo kwanza, uone analipa siku gani. Pokea malipo kwa simu ili kumbukumbu ibaki. Andikeni makubaliano, hata kwenye daftari la shule, na shahidi atie sahihi. Mtu akishindwa masharti hayo, mkatae bila aibu, awe ametoka Moroto, Bungoma au nyumba ya pili. Akiyatimiza, mpe nafasi. Na wa kwetu naye ayatimize, kwa sababu miezi mitatu ya kodi haikuibwa na mgeni.

Najua wapo watakaosema haya ni maneno ya mwandishi asiye na duka. Ni kweli sina duka. Lakini nimekaa mipakani miaka kadhaa nikiandika habari za biashara, na wenzangu niliowaona wakikua ni wale wenye simu iliyojaa majina ya watu wa mbali: wakala Mkikuyu Malaba, dereva Mnyarwanda, mama wa Juba anayeagiza vitunguu kila mwezi. Hakuna hata mmoja aliyezaliwa akiwajua watu hao. Walikutana nao kwenye foleni, kwenye gari lililoharibika, kwenye mvua. Kisha wakawapima.

Shangazi hulisoma gazeti hili, hasa ukurasa wa bei za mazao. Mulembe, shangazi. Nimepita jana kwa mwenyekiti wa LC1, akanionyesha barua ya yule mama wa Karamoja. Ni barua safi, na yuko tayari kulipa mwezi wa kwanza kabla ya kuingia. Bado analala kwa dada yake, watu saba chumba kimoja. Chumba chako cha sita kina nafasi, na kufuli halijawahi kukulipa kodi.