Utu Uzima Si Kitambulisho

Kijana wa Kenya hupewa kitambulisho akishatimiza miaka 18, akahesabiwa mtu mzima. Lakini twasema pia chungu kizima, yaani kisicho na ufa. Neno la Kigiriki teleios nalo lina maana hizo mbili: Biblia ya Muungano hulitafsiri “wakamilifu” katika Mathayo 5:48, na “watu wazima” katika 1 Wakorintho 14:20. Na ukamilifu huo wa Mathayo ni wa kumpenda hata adui. Basi mwalimu aliyemwadhibu mwanafunzi asiye na hatia, kisha akaona haya kumwomba radhi mbele ya darasa, shahada zake hazijamkomaza. Mwanafunzi naye amnuniaye mwenzake muhula mzima kwa neno moja angali mtoto, ajapokuwa na ndevu.