Nyama ya Kusaga: Ya Ng'ombe au ya Bata Mzinga?

Mama wa nyumbani aingiapo katika duka kubwa la vyakula nchini Marekani, hukuta nyama ya kusaga imepangwa katika safu mbili. Safu moja ni ya ng'ombe, nyekundu; ya pili ni ya bata mzinga, yenye rangi hafifu zaidi. Mbele ya safu hizo wengi husita. Wamekwisha kusikia kwa majirani, na pengine kwa daktari, kwamba nyama ya ng'ombe hudhuru moyo na kwamba nyama ya ndege ni salama. Basi huchukua pakiti ya bata mzinga na kwenda zao wakiwa na mioyo mitulivu, bila kusoma yaliyoandikwa juu yake.

Ichukuliwe, kwa mfano, nyumba moja miongoni mwa nyumba nyingi za wasemao Kiswahili waliotoka Kongo na Burundi, ambao sasa wamefanya makao yao katika miji ya Marekani. Baba wa nyumba hiyo ana umri wa miaka 52, na daktari amemwambia kwamba damu yake ina lehemu nyingi, hivyo apunguze mafuta ya wanyama. Binti yao ana miaka 16. Yeye ameambiwa kwamba ana upungufu wa damu, na kwamba chakula chake chahitaji madini ya chuma zaidi. Mama ana sufuria moja na fedha za kununua nyama ya aina moja tu kwa wiki. Akipika ya ng'ombe, anamhofia mumewe. Akipika ya bata mzinga, anamhofia bintiye. Mtihani kama huo hautatuliwi kwa maneno ya majirani, bali kwa kuijua nyama yenyewe.

JINA LA MNYAMA SI KIPIMO CHA MAFUTA

Aliyezoea kununua nyama buchani huutazama mnofu, huona mafuta yalipo, na humwomba mwuzaji ayaondoe kabla ya kusaga. Nyama ya pakiti haitoi nafasi hiyo. Imekwisha kusagwa, mnofu na mafuta vimechanganyika, na jicho haliwezi tena kuvitenganisha. Anayeinunua kwa jina tu huwa ananunua mbuzi katika gunia.

Kwa sheria ya Marekani, nyama ya ng'ombe ya kusaga haipaswi kuwa na mafuta yanayozidi asilimia 30 ya uzito wake. Chini ya kiwango hicho kuna daraja nyingi: iko yenye mafuta asilimia 20, iko ya asilimia 15, ya asilimia 10, na ya asilimia 7 au chini yake. Bata mzinga naye ana daraja zake. Wengi hudhani kwamba nyama yake ya kusaga ni ya kidari kitupu, kumbe pakiti ya kawaida huweza kuchanganya kidari, mapaja, ngozi na mafuta yaliyoshikamana na ngozi hiyo. Ndiyo sababu ziko pakiti za bata mzinga zenye mafuta asilimia 15, na nyingine za kidari kisicho na ngozi ambazo zina asilimia 1 au 2 tu.

Hesabu yenyewe ni hii, kwa kila gramu 100 za nyama mbichi. Nyama ya ng'ombe yenye mafuta asilimia 20 ina takriban kalori 254 na protini gramu 17. Ile yenye mafuta asilimia 7 ina takriban kalori 150 na protini gramu 21. Ya bata mzinga yenye mafuta asilimia 7 nayo ina takriban kalori 150, na protini gramu 19 hivi. Lakini bata mzinga mwenye mafuta asilimia 15 ana takriban kalori 180, na protini gramu 17. Yaani nyama ya ng'ombe iliyochaguliwa vema ina mafuta machache kuliko bata mzinga aliyechukuliwa ovyo.

Kwa mtu aliyeonywa na daktari, lililo kubwa zaidi ni yale mafuta yagandayo, ambayo ndiyo huongeza lehemu mbaya katika damu. Shirika la Afya Duniani hushauri kwamba mafuta ya namna hiyo yasizidi asilimia 10 ya nguvu zote zipatikanazo katika chakula cha siku. Kwa mtu anayekula kalori 2,000 kwa siku, hiyo ni kama gramu 22. Robo ratili ya nyama mbichi ya ng'ombe yenye mafuta asilimia 20, ambayo ni sawa na gramu 113, ina kama gramu 8 na nusu za mafuta hayo. Hiyo ni zaidi ya theluthi ya kiasi cha siku nzima kwa kitonge kimoja cha nyama, kabla ya kuhesabu siagi, maziwa na mafuta ya kukaangia. Kipande kama hicho cha ng'ombe mwenye mafuta asilimia 7 kina gramu 3 na kidogo; cha bata mzinga wa asilimia 7 kina gramu 2 na nusu hivi. Tofauti baina ya hao wawili haifiki gramu moja. Tofauti kubwa imo baina ya pakiti na pakiti, wala si baina ya mnyama na ndege.

Tangu mwaka 2012, sheria ya Marekani inataka nyama ya kusaga iuzwe pamoja na maelezo ya kalori na mafuta yaliyomo. Mama anayeijua nambari hiyo haulizi tena ni mnyama gani kwanza. Huuliza ni asilimia ngapi.

HAJA YA DAMU

Lakini mafuta si hesabu pekee. Nyama ya ng'ombe ina wekundu wake kwa sababu, na sebabu hiyo imo ndani yake madini ya chuma yanayohitajiwa na mwili katika kutengeneza damu. Gramu 100 za nyama mbichi ya ng'ombe yenye mafuta machache zina takriban miligramu 2.3 za chuma. Za bata mzinga zina karibu nusu ya kiasi hicho. Ndivyo ilivyo pia kwa madini ya zinki, na vitamini B12 nayo ni nyingi zaidi katika nyama ya ng'ombe.

Kwa mwanamume mtu mzima upungufu huo si jambo kubwa, maana hahitaji zaidi ya miligramu 8 za chuma kwa siku kwa kipimo kinachotumika Marekani. Msichana wa miaka 14 hadi 18 huhitaji miligramu 15, na mwanamke wa miaka 19 hadi 50 huhitaji 18, kwa kuwa hupoteza damu kila mwezi. Basi nyumba inayohamia bata mzinga moja kwa moja kwa ajili ya moyo wa baba, bila kutia kitu kingine mahali pake, huweza kumpunguzia binti kile anachokihitaji hasa. Na ieleweke kwamba aliyekwisha kupimwa na kuonekana ana upungufu wa damu hatibiwi kwa chakula peke yake. Dawa alizopewa na daktari azitumie kama alivyoelekezwa.

Kwa upande wa pili, nyama nyekundu isiliwe pasipo kiasi. Mwaka 2015 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani waliiweka nyama nyekundu katika kundi la vitu ambavyo yaelekea husababisha saratani, na nyama zilizosindikwa, kama vile soseji, wakaziweka katika kundi la vile vilivyothibitishwa. Wanaotoa mashauri juu ya kinga ya saratani husema nyama nyekundu isizidi gramu 350 hadi 500 kwa wiki, ikiwa imekwisha kupikwa. Bata mzinga hahesabiwi katika nyama nyekundu. Hata hivyo soseji ya bata mzinga ni nyama iliyosindikwa, na aghalabu ina chumvi nyingi. Isidhaniwe kuwa imetakasika kwa sababu ya jina la ndege.

MOTO UFIKE NDANI

Liko jambo moja ambalo kwalo nyama hizi mbili hazina tofauti, nalo huhusu uhai wenyewe. Katika mnofu mzima, vijidudu aghalabu hukaa juu, na moto huwaua upesi. Nyama ikisagwa, kilichokuwa juu huingia ndani. Mwaka 1993, katika majimbo ya magharibi ya Marekani, watu zaidi ya 700 waliugua baada ya kula nyama ya ng'ombe ya kusaga isiyoiva sawasawa, na watoto wanne wakafa. Mwaka 2011 ikawa zamu ya bata mzinga: watu 136 waliugua kwa bakteria wa salmonela, mmoja akafa, na ratili zipatazo milioni 36 za nyama zikarudishwa kutoka madukani. Anayedhani kwamba nyama ya ndege ni salama hata ikiiva nusu amepotoka.

Nyama ya ng'ombe ya kusaga hupaswa kufikia nyuzi 71 za sentigredi katikati yake, ambazo ni nyuzi 160 katika vipimo vya Marekani; ya bata mzinga hupaswa kufikia nyuzi 74, yaani 165. Rangi si shahidi mwaminifu, kwa kuwa nyama huweza kugeuka kahawia kabla ya kuiva. Kipima-joto cha jikoni ndicho kinachoaminika. Nyama mbichi iliyo katika jokofu ipikwe katika siku moja au mbili. Iliyoganda iyeyushwe ndani ya jokofu, isiachwe mezani kutwa nzima. Mikono, kisu na ubao vioshwe kwa sabuni kabla ya kugusa mboga zinazoliwa mbichi.

SUFURIA MOJA KWA WOTE

Yule mama mwenye mume wa lehemu na binti wa upungufu wa damu afanyeje basi? Kwanza, aziache pakiti zote zenye mafuta mengi, za ng'ombe na za bata mzinga. Akinunua ya ng'ombe, achukue yenye mafuta asilimia 7 au chini yake. Hapo baba hapati mafuta yatakayomdhuru, na binti hakosi chuma. Pili, asipike hiyo kila siku. Mara moja au mbili kwa wiki yatosha, na wiki nyingine atumie kidari cha bata mzinga au cha kuku. Tatu, aipunguze nyama na kuongeza maharage. Maharage yana chuma na hayana lehemu, na nyama kidogo iliyotiwa ndani yake huusaidia mwili kukipokea chuma hicho. Nyanya, pilipili hoho na limau husaidia pia. Chai na kahawa, kinyume chake, hukizuia. Zinywewe baada ya muda, si pamoja na chakula.

Mapishi yafuatayo yatosha watu sita.

Vitu vinavyohitajiwa: ratili moja (gramu 450) ya nyama ya ng'ombe ya kusaga yenye mafuta asilimia 7, vikombe viwili vya maharage yaliyochemshwa yakaiva, vitunguu maji viwili, nyanya nne, karoti mbili, pilipili hoho moja, punje tatu za kitunguu saumu, kijiko kimoja cha chai cha bizari, nusu kijiko cha chai cha chumvi, limau moja.

Namna ya kupika: Nyama itiwe katika sufuria kavu juu ya moto wa wastani, bila mafuta, ikorogwe na kuvunjwavunjwa mpaka rangi yote nyekundu iishe. Sufuria iinamishwe, na mafuta yaliyotoka yachotwe kwa kijiko na kuwekwa kando yapoe, kisha yatupwe. Yasimwagwe katika bomba la maji, kwa maana yataganda humo. Vitunguu na kitunguu saumu vitiwe, vikaangwe na nyama hadi vilainike. Zifuate karoti zilizokwaruzwa, nyanya zilizokatwakatwa, bizari na chumvi. Sufuria ifunikwe kwa muda wa dakika 15. Maharage na pilipili hoho vitiwe, vichemke pamoja dakika 10 nyingine. Mwisho limau likamuliwe juu yake wakati wa kupakua.

Chakula hiki huliwa kwa ugali au wali, pamoja na mboga za majani zilizopikwa kwa mafuta machache. Anayetaka kutumia bata mzinga atafuata njia ile ile, ila achague kidari, na aongeze kikombe kimoja cha maharage ili kufidia chuma.

Mezani, baba na binti watapakua katika sufuria ile ile, na hakuna atakayewekewa chakula chake peke yake kama mgonjwa. Baada ya miezi michache watarudi kwa daktari kupimwa damu, na majibu hayo ndiyo yatakayomwambia mama kama aendelee hivyo hivyo au abadilishe. Kwa sasa, kila aendapo dukani, aigeuze pakiti na kuisoma kabla ya kuitia kapuni.