Vibao vya Wiki: Spika Moja, Masikio Mawili

Mwanangu ana miaka 14. Tangu mwaka jana ni mlango kufungwa, spika masikioni, na majibu ya Kiingereza tu. Jumamosi nikamwomba spika moja. Akanichezea "Teardrop" ya Massive Attack (1998), watu wa hapa hapa Bristol: mdundo kama mapigo ya moyo. Kisha "Archangel" ya Burial (2007), kama kutembea London usiku, mvua ikinyesha.

Zamu yangu nikampa singeli ya Dar es Salaam, kutoka albamu ya Sounds of Sisso (2017), mapigo zaidi ya 200 kwa dakika. Akacheka. Kisha akauliza, kwa Kiswahili: "Mama, hapo wanasema nini?"

Tukairudia mara tatu. Nyinyi je, mnasikiliza nini na wanenu?