Skrini Nyeusi Siyo Kifo

Wenzetu, tuseme ukweli. Kompyuta ya msaada iliwekwa Linux, ilipowashwa tena skrini ikawa nyeusi tii. Wakasema imekufa, wakaifungia stoo. Nani aliipima? Hakuna! Feni ilikuwa inazunguka, taa inawaka. Linux ilikuwa haijaelewana na kadi ya picha, basi.

Tuliomba dakika kumi tu. Kwenye menyu ya GRUB tukabonyeza e, mwisho wa mstari unaoanza na linux tukaongeza nomodeset, tukabonyeza F10. Picha ikaja! Hiyo ni dawa ya muda. Baadaye tukaweka draiva inayofaa.

Ndugu zetu wa mashirika, mnatufundisha kompyuta halafu mnatunyima nenosiri na ufunguo wa stoo. Sasa mafunzo ni ya nini?