Acheni kung'oa chipu, angalieni stima kwanza

Leo nina ugomvi na wapenzi wa sauti safi. Najua baadhi yao ni marafiki zangu na watanipigia simu jioni. Wapige tu.

Ugomvi wenyewe ulianzia nyumbani Ndalu, huku kwetu kati ya Kitale na Bungoma, Desemba 2023. Nilifika likizo nikakuta familia imekaa kikao juu ya kaseti. Ilirekodiwa mwaka 1991: marehemu kuka, yaani babu yangu, anapiga litungu, na katikati ya nyimbo anataja majina ya wazee wa ukoo wetu, mmoja baada ya mwingine, na walikotoka. Nakala nyingine haipo duniani. Binamu yangu alikuwa ameihamishia kwenye kompyuta, na mpango ulikuwa ichezwe siku ya ukumbusho wa mzee, tarehe 30. Lakini kila ilipochezwa, chini ya nyuzi za litungu kulikuwa na mvumo, mmmmmm, kama kinu cha posho ng'ambo ya mto. Majina nusu nzima hayasikiki.

Senge alikuwa ameshakata shauri. "Mwanangu, hiyo kaseti imeoza. Ilikaa juu ya jiko miaka yote, mlitegemea nini? Iacheni."

Mtambo wa binamu ni huu: kompyuta ndogo ya Raspberry Pi, na juu yake kibodi cha zambarau chenye chipu ya PCM5102A ya Texas Instruments. Hicho ndicho kigeuzi. Kazi yake ni kupokea namba kutoka kwa kompyuta na kuzigeuza kuwa umeme unaopanda na kushuka, ambao amplifaya inauelewa. Bei yake haikufika shilingi elfu moja. Kisha kuna amplifaya ya zamani na spika mbili kubwa kuliko mlango.

Binamu alikuwa ameomba ushauri kwa wataalamu. Wote walijibu wimbo mmoja: kigeuzi chako ni cha bei rahisi, badilisha opampu, weka kapasita za maana. Naye kwa utiifu akanunua opampu mbili za jina kubwa, shilingi elfu tatu na mia mbili. Alinionyesha pakiti kwa fahari.

Sasa sikilizeni. Kibodi hicho HAKINA OPAMPU. Hata moja! Chipu ya PCM5102A inajitengenezea yenyewe volti hasi ndani kwa ndani, na inatoa volti 2.1 moja kwa moja kwenye soketi ya sauti. Huo ndio uzuri wake. Sasa mtaalamu anayekuambia ubadilishe kitu ambacho hakipo, ameitazama bodi yako au ametazama mfuko wako?

Mimi kazi yangu ni kuandika programu. Programu ikienda polepole, kijana mgeni kazini hukimbilia kuandika upya sehemu anayoichukia. Aliyeumwa na nyoka hupima kwanza: muda unapotelea wapi? Mara tisa kati ya kumi hauko pale ulipodhani. Basi mbona tukishika pasi ya solda tunasahau hekima yote hii? Tunang'oa, tunachomea, tunakaa kwenye kiti na kusema "aah, sasa sauti ina hewa". Hewa gani, ndugu yangu? Umetumia elfu tatu, lazima usikie hewa.

Basi tulipima. Kwanza nilichukua faili lenyewe nikaliweka kwenye kipakatalishi changu, chaja nimeichomoa, nikavaa vipokea sauti vya masikioni. Kuka yuko pale. Kuna ule mchakacho wa kaseti, shhhh, lakini mvumo hakuna, na majina yanasikika. Kisha nikalifungua kwa Audacity na kutazama grafu ya masafa. Stima yetu Kenya hutetema mara 50 kwa sekunde, kwa hiyo mvumo wa stima hujitokeza kama mlingoti kwenye hezi 50, na mingine kwenye 100 na 150. Kwenye faili hakukuwa na mlingoti wowote pale. Kwa maneno mengine, kaseti haikuoza. Ilikuwa inasingiziwa!

Dakika kumi, gharama sifuri. Na familia ilikuwa karibu kuitupa.

Mvumo ulitoka wapi basi? Raspberry Pi ilikuwa imeunganishwa kwa waya wa HDMI na kioo cha kompyuta chenye plagi ya pini tatu, kwenye soketi ya sebuleni. Amplifaya nayo ina pini tatu, kwenye waya mrefu uliotoka chumba kingine. Vyote viwili vinashika waya wa ardhi, na kati yao pia kuna waya wa sauti. Hapo umetengeneza kitanzi: umeme mdogo unazunguka kupitia ardhi na kurudi kupitia ngao ya waya wako wa sauti, na amplifaya haijui kutofautisha umeme huo na litungu. Nilichomoa HDMI tu. Mvumo ulishuka papo hapo, mpaka senge akauliza kama nimepunguza sauti.

Ukabaki mnong'ono mwembamba, wa kuudhi zaidi kwa sababu ya ukali wake. Huo ulikuwa wa chaja. Chaja hizi ndogo za pini mbili huwa na kapasita ndani inayovusha umeme kidogo sana kutoka upande wa stima kuja upande wako. Ukichomoa waya wa sauti na kupima kwa mita kati ya ngao yake na bodi ya chuma ya amplifaya, utashangaa: mita yangu ilionyesha zaidi ya volti 80. Usiogope, nguvu yake ni ndogo mno, ndiyo ule mwasho unaousikia ukigusa kipakatalishi cha chuma kikiwa kwenye chaja. Lakini umeme huo nao unapita kwenye ngao ya waya wa sauti, na ngao yetu ilikuwa na kutu kwenye plagi.

Tazama hesabu. Kigeuzi cha biti 16 hugawa sauti katika ngazi 65,536. Kwa volti 2.1 za chipu hii, ngazi moja ni kama maikrovolti 90. Ukiingiza uchafu wa milivolti 5 tu kwenye waya, umefunika ngazi zaidi ya hamsini za chini. Chipu yenyewe, kwa karatasi ya mtengenezaji, kelele yake iko desibeli 112 chini ya sauti kamili. Unahangaika na chipu iliyo safi wakati mlangoni unamwaga matope!

Dawa tuliipata kwenye banda la kuku. Wazee wanakumbuka siku za televisheni ya betri ya gari, betri inabebwa sokoni kuchajiwa ili watu watazame mpira. Betri hiyo ya volti 12 haijui hezi 50 ni nini. Tulichaji moja. Raspberry Pi tukaipa umeme kwa chaja ya gari, na kibodi cha zambarau tukakipa umeme wake peke yake kupitia regyuleta ya 7805, ile ya miguu mitatu ambayo fundi yeyote wa redio Kitale anayo kwenye kopo. Shilingi hamsini, na kapasita mbili tulizong'oa kwenye redio mbovu. Plagi yenye kutu tukaikata na kuchomea nyingine. Mnong'ono ukaisha.

Onyo, na hapa sifanyi mzaha. Kuna wanaofundisha watu kuondoa mvumo kwa kukata pini ya ardhi ya amplifaya. Ni kweli mvumo unaisha. Na siku waya wa ndani ukigusa bodi ya chuma, wewe ndiye waya wa ardhi. Msikate pini hiyo, jamani.

Sisemi bodi zisiguswe. Hiki kibodi cha zambarau kwa mfano, vingi huuzwa bila kumaliziwa. Nyuma kuna vituo vinne vya solda, H na L. Cha tatu kisipounganishwa upande wa H, chipu inaweza kukaa kimya kabisa, na watu hukitupa wakidhani kimekufa. Cha pili kikiachwa kikielea badala ya kuwekwa L, chipu inaweza kupunguza sauti za juu, uone muziki kama umefunikwa blanketi. Na mbele kuna kituo cha SCK ambacho kinatakiwa kushikana na waya hasi ukitumia Raspberry Pi. Matone machache ya solda. Hayo ni marekebisho yenye sababu, unaweza kuyaeleza kwa kidole juu ya karatasi ya mtengenezaji. Kapasita zilizovimba kwenye amplifaya ya zamani nazo, badilisha leo. Ila mtu akikuambia "badilisha hii, utasikia", muulize: nitasikia nini, kwa masafa gani, na ulipimaje? Akinyamaza, funga pochi.

Tarehe 30 kuka aliongea mbele ya watu. Majina kumi na moja, tuliyahesabu. Moja hakuna aliyelijua, na wazee walibishana juu yake mpaka chakula kikapoa, senge akiwa upande wa wanaosema ni mtu wa ng'ambo ya Mlima Elgon.

Opampu mbili bado ziko ndani ya pakiti. Binamu anaziuza nusu bei.